Kioo, Mwale na Kizingiti cha Nyumba: Jinsi Dar es Salaam Ilivyopimwa

Katika jiji hili, upimaji wa ardhi haujapata kuwa suala la kitaalamu pekee. Kanuni za ujenzi zilizotolewa na Wajerumani mwaka 1891 ziliugawa mji kwa aina ya majengo. Waingereza wakauendeleza utaratibu huo, na tukarithi majina tunayoyajua: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Palipopimwa pakaitwa mji. Pasipopimwa pakaachwa pajiotee.

Baada ya uhuru zilifuata jitihada za kweli. Kulikuwa na mipango kabambe ya mwaka 1968 na 1979, na katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja vya Sinza na Kijitonyama huku makazi ya Manzese yakiboreshwa. Hata hivyo, watu walijenga kwa kasi iliyomshinda mpima na mnyororo wake. Tandale, Kigogo na Hananasif upande wa Kinondoni, pamoja na Keko na Mbagala upande wa Temeke, zilikua pasipo ramani ya kuaminika. Mafuriko ya Desemba 2011 yakatudai gharama ya uzembe huo: watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Ndipo swali dogo lilipogeuka kuwa la uhai na mauti: kizingiti cha nyumba hii kiko juu ya mto kwa sentimita ngapi?

Swali hilo ndilo linalotufikisha kwenye leza. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960, haukupita muda mrefu kabla ya wataalamu kuitumia kupima umbali. Pigo la mwanga hutumwa, hugonga kitu, hurudi, na muda wa safari hugeuzwa kuwa mita. Mwaka 1971 chombo cha Apollo 15 kiliupima uso wa mwezi kwa njia hiyo. Lakini vifaa vya awali vilikuwa na kasoro kubwa: vilipima mstari mmoja tu chini ya njia ya chombo, na yaliyokuwa kushoto na kulia hayakuonekana.

Ukombozi uliletwa na kioo. Kioo kidogo kinachopepea au kuzunguka mbele ya leza huutupa mwale huku na huku, na mstari ukawa ukanda mpana. Tangu hapo, ubora wa ramani ukategemea sana udhibiti wa kioo hicho. Kioo kinachopepea hupunguza mwendo kila kinapogeuka, hivyo nukta husongamana pembezoni na kuwa chache katikati. Kioo cha pande nyingi kinachozunguka kwa mwendo mmoja hupunguza tatizo hilo.

Lililo zito zaidi ni pembe. Kioo kikikosea kiasi fulani, mwale hukosea mara mbili yake. Kosa la nyuzi 0.01 katika kioo, ndege ikiwa mita 1,000 angani, huisogeza nukta takriban sentimita 35 ardhini. Mwale ukiwa umeinama nyuzi 20, kimo nacho hukosewa kwa takriban sentimita 13. Katika Bonde la Msimbazi, sentimita 13 zatosha kutenganisha nyumba iliyo salama na nyumba iliyofurika.

Wahandisi walilitibuje tatizo hilo? Hawakuiamini amri waliyokipa kioo. Waliweka kifaa cha kusoma pembe ambayo kioo kimefikia kwa hakika, kisha tofauti kati ya amri na hali halisi ikatumiwa kurekebisha mwendo papo hapo. Usahihi ulipatikana kwa kukubali kusahihishwa.

Dar es Salaam ilijifunza jambo linalofanana na hilo kwa njia yake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi kuchora mitaa na mifereji, wakisaidiwa na picha za droni. Wakazi waliulizwa maji hufika wapi. Kamera ya droni haioni ardhi iliyofunikwa na mwembe. Leza hupenya mianya ya majani, lakini nayo haijui ni mfereji upi huzibwa na taka kila masika. Mama anayeishi kando yake anajua.

Sasa Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, umeibua upya suala la nani ahame na alipwe nini. Mstari wa mafuriko kwenye ramani una uwezo wa kumwondoa mtu katika nyumba aliyoijenga kwa miaka 30. Kwa hiyo, mtumishi wa umma anayeuchora mstari huo autangaze pamoja na kiwango chake cha makosa, kwa sentimita. Mwanaharakati akidai. Mwanafunzi wa upimaji ajifunze kukieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka katika mkutano wa mtaa. Na mkazi anaposema maji hayajawahi kufika kwake, kauli yake ipimwe kabla nyumba haijawekewa alama ya X.