Nguvu za kiume uzeeni: Si kila udhaifu unatokana na homoni

WANAUME wengi wanaovuka umri wa miaka 50 huona mabadiliko katika tendo la ndoa. Hamu hupungua, uume huchelewa kusimama au hulegea mapema. Lawama hutupiwa homoni ya kiume, testosteroni, ilhali mara nyingi chanzo kiko kwingine, na dalili hiyo yaweza kuwa onyo la maradhi makubwa zaidi.

Testosteroni hutengenezwa hasa katika korodani, kwa kuamriwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayomletea kijana ndevu na sauti nzito. Kwa mtu mzima hutunza misuli, mifupa, hamu ya tendo la ndoa na utengenezaji wa mbegu. Kuanzia umri wa miaka 30 hadi 40, kiwango chake hushuka taratibu, kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Mwanamume hana ukomo unaofanana na ule wa mwanamke anapoacha kupata hedhi.

Mwaka 2010, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 katika nchi nane za Ulaya. Waliokutwa na upungufu wa kweli, yaani homoni kidogo katika damu pamoja na dalili tatu za udhaifu katika tendo la ndoa, walikuwa asilimia 2.1 tu.

Uume husimama kwa kujaa damu. Mishipa inayoupelekea damu ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo huweza kuathirika kwanza. Kisukari, shinikizo la damu, sigara na mafuta mengi katika damu huiharibu yote. Kwa sababu hiyo udhaifu huweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa, na anayeuficha kwa aibu huficha pia onyo hilo.

Daktari hupima testosteroni asubuhi, wakati kiwango kiko juu, na hurudia kipimo siku nyingine kabla ya kuthibitisha upungufu. Hupima pia sukari, shinikizo la damu na mafuta, na huuliza dawa anazotumia mgonjwa, kwani baadhi yake hupunguza nguvu.

Aliyethibitishwa kuwa na upungufu hupewa homoni kwa sindano au jeli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,000 wenye maradhi ya moyo au walio katika hatari ya kuyapata, ulionyesha kuwa tiba hiyo haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Hata hivyo, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilitokea zaidi. Homoni hiyo pia hupunguza mbegu, hivyo haimfai anayetaka mtoto.

Vidonge vya sildenafil, vilivyoidhinishwa mwaka 1998, si homoni. Husaidia mishipa kutanuka. Vikichanganywa na dawa za nitrati wanazopewa wenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu huweza kushuka hadi kuua. Hatari hiyo imo pia katika baadhi ya dawa zinazouzwa kama za mitishamba, ambazo zimekutwa zimetiwa vidonge hivyo kwa siri.

Kupunguza uzito, kufanya mazoezi na kuacha sigara huisaidia mishipa ya uume na ya moyo kwa pamoja.