Mwili Unapogoma: Kutoka Newala Hadi London

Wakati tunasubiri boom, tupige historia kidogo.

Pale Kariakoo kuli akisema misuli imegoma, hawezi tena kunyanyua gunia, fasta ataitwa mvivu. Jamani, tusikimbilie huko.

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka uwanda wa Makonde, huko Newala. Viungo viliuma hadi watu wakatembea wamejikunja. Wenyewe wakaiita chikungunya, yaani kile kinachokunja mwili. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha ripoti zao mwaka 1955 kwa jina hilohilo la Kimakonde, na hadi leo dunia nzima inalitumia. Kuna wagonjwa wanaobaki na maumivu na uchovu kwa miezi, wengine miaka.

Sasa cheki London. Mwaka huohuo 1955, wafanyakazi 292 wa hospitali ya Royal Free waliugua, wengi wao wanawake. Misuli iliuma na kulegea, na wapo ambao uchovu haukuisha. Hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1956 ugonjwa ukapewa jina lililotaja maumivu ya misuli, kwa kifupi ME. Lakini mwaka 1970 McEvedy na Beard, wataalamu wa magonjwa ya akili, wakapitia mafaili bila kuwahoji wagonjwa, wakasema ni histeria. Sababu mojawapo? Eti wengi walikuwa wanawake!

Maneno hayo yaliwagharimu wagonjwa. Kwa miaka mingi waliambiwa waongeze mazoezi kidogo kidogo. Uingereza iliacha kupendekeza tiba hiyo mwaka 2021 tu. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha utafiti kuhusu watu wenye UVIKO-19 ya muda mrefu, ambao uchovu wao unafanana sana na wa ME. Walichukua vipande vya misuli kabla ya kuendesha baiskeli na siku moja baadaye. Mitokondria, vile vinu vya nguvu ndani ya seli, vilikuwa vimezidi kudhoofika, na misuli imeumia zaidi. Kumbe mwili haukuwa unadanganya!

Wamakonde waliusikiliza mwili, wakaupa ugonjwa jina. London walibishana na wagonjwa kwa miongo.

Sisi wa Ilala tulipitia dengue mwaka 2014 na 2019, na homa ile ikiondoka inaweza kumwacha mtu hoi kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo walimu watarajiwa wenzangu, mwanafunzi akitoka kuugua akasema hawezi kukimbia mchakamchaka, muulize kwanza anajisikiaje. Fimbo haiongezi nguvu kwenye misuli.

Nawasilisha.