Jani la Mkungu Ndani ya Sanduku la Kioo

Mkungu hauagi majani yake kimyakimya. Kabla ya kuanguka hugeuka njano, kisha wekundu mzito, na kila asubuhi katika miji ya pwani yetu kuna mtu mwenye ufagio wa chelewa anayeyakusanya apate kuyachoma. Majani hayohayo huuzwa Ulaya yakiwa makavu, kumi kumi kwenye pakiti. Wanunuzi ni wafugaji wa samaki na kamba wadogo wa mapambo, na siku hizi wafugaji wa konokono pia. Kichekesho ni kwamba konokono anayetandikiwa jani hilo mara nyingi asili yake ni huku huku: yule mkubwa wa kahawia mwenye michirizi, anayetambaa usiku kwenye migomba na mipapai baada ya mvua, ambaye wataalamu wamempa jina la Lissachatina fulica.

Jani lililooza halikupata heshima hiyo haraka. Ufugaji wa konokono ulianzia jikoni, na kilichotafutwa jikoni ni nyama.

Mwandishi wa Kirumi Plinius anasimulia kuwa Fulvius Lippinus ndiye aliyeanzisha mazizi ya konokono, huko Tarquinia, muda mfupi kabla ya vita vya Kaisari na Pompeius vilivyozuka mwaka 49 KK. Aliwatenganisha kwa asili zao: weupe wa Reate upande wao, wa Illyria waliosifika kwa ukubwa upande wao, na wa Afrika, yaani Afrika ya Kaskazini kama Warumi walivyoijua, waliosifika kwa kuzaa. Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo mwaka 37 KK, ndiye anayetuonyesha zizi lenyewe lilivyokuwa. Lizungukwe na maji, anasema, usije ukashinda unawasaka watoro. Liwe penye kivuli na umande. Pasipo na umande, lete bomba lenye chuchu ndogo, maji yaruke yapige jiwe na kutawanyika kama manyunyu. Chakula chao hakimsumbui: majani machache ya mti wa bay na pumba kidogo, basi. Walipotakiwa wanenepe walitiwa kwenye mitungi iliyotobolewa, ikapakwa ndani mchanganyiko wa divai tamu iliyochemshwa na unga.

Ukimsoma Varro leo, unastaajabu jinsi alivyomwelewa mnyama huyu. Kivuli, unyevu, manyunyu, ukuta usioparamika: mfugaji wa sasa angeongeza nini? Angeongeza sakafu. Varro alishughulika na maji ya juu, akakiacha kilichoko chini ya tumbo la konokono.

Baada ya hapo tunaweza kuruka karne nyingi hadi London ya makaa ya mawe. Mwaka 1829 daktari Nathaniel Ward, mkazi wa mashariki ya jiji, alifukia bundo la nondo kwenye udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunika. Alichotaka ni nondo. Alichopata ni kangaga na nyasi zilizochipua zenyewe na kustawi, ilhali kwenye bustani yake mimea ya aina hiyo ilikuwa ikifa kwa moshi. Maji yaliyopanda kwa joto yaligonga kioo, yakarudi chini. Ward alitengeneza masanduku ya kioo, akasafirisha mimea hai hadi Sydney mwaka 1833, na mwaka 1842 akaandika kitabu juu yake. Masanduku ya wafugaji wa leo, ya konokono, vyura na jongoo, yanatokana na chupa ile.

Wakati huohuo, palepale London, mwana mmoja wa jangwa alikuwa amegandishwa kwa gundi. Konokono kutoka Misri aliingizwa British Museum tarehe 25 Machi 1846 na kubandikwa kwenye kadi kama gamba tupu. Miaka minne baadaye mtu aliona utando mpya mdomoni mwa gamba. Wakamtia katika maji ya vuguvugu, akatoka. Alipewa jani la kabichi, akala, akaishi miaka mingine miwili. Kabichi ndiyo iliyokuwa mkononi, na mazoea hayo ya kumpa konokono kilichobaki jikoni yaliendelea kwa zaidi ya karne nzima. Mwandishi wa hadithi za kutisha Patricia Highsmith, aliyewapenda konokono kuliko wageni wake, aliwahi kwenda kwenye karamu na mkoba uliojaa konokono na kichwa kizima cha saladi.

Konokono wetu naye alikuwa safarini. Alipopewa jina la kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 1820, tayari alikuwa amefika visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1847 William Benson, mpenda magamba, alimchukua Mauritius na kumwachia bustanini Kolkata. Kutoka hapo Asia yote ikawa njia yake, na mwaka 1936 alikuwa Hawaii. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawatupa bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wamezidi 18,000, na jimbo la Florida lilitumia zaidi ya dola milioni moja hadi lilipowamaliza mwaka 1975. Ndiyo maana Marekani kumfuga bila kibali ni kosa, wakati Uingereza, ambako baridi humuua nje, alipata umaarufu hata madarasani.

Huko Uingereza ndiko alikokaa kwa muda mrefu katika beseni la plastiki, juu ya udongo wa gunia, na kipande cha tango pembeni. Alikula, akakua. Lakini beseni lilinuka, inzi wadogo wakajaa, na kila baada ya siku chache udongo ukamwagwa.

Mabadiliko yalitokana na kuangalia msitu. Darwin alikwisha kuweka minyoo ya udongo kwenye vyungu chumbani mwake, akahesabu majani waliyoyaburuta, na kitabu chake cha mwaka 1881 kikaupa uozo hadhi. Mwaka 1970 mtafiti C. F. Mason alichapisha vipimo vyake vya konokono wa msitu wa Wytham, karibu na Oxford: kati ya majani yote yaliyoanguka kwa mwaka, walikula chini ya asilimia 1. Kiasi hicho ni kidogo, na hapo ndipo utamu wa habari ulipo, kwa sababu konokono halihitaji jani kavu kama sahani peke yake. Ni paa la mchana, ni blanketi la unyevu, ni shamba la kuvu analolilamba usiku. Wafugaji wakaongeza wadudu wadogo weupe wanaokula kinyesi na ukungu, na beseni likaacha kunuka.

Kanuni zikazaliwa. Majani ya mwaloni na miti mingine ya majani mapana yanafaa, yaokotwe mbali na barabara na bustani zinazopuliziwa dawa. Ya msonobari na mwerezi yaachwe, kwa sababu ya utomvu wake. Mengine huchemshwa, mengine huokwa, mengine hugandishwa kwenye friji ili wadudu wasioalikwa wafe. Katika mimea hai, kangaga na chlorophytum, ile ya majani membamba yenye mstari mweupe, zinapendwa. Dandelion, ndugu wa mchunga wetu, huliwa yote. Mnyaa na jamaa zake wenye maziwa hawaingii. Dieffenbachia nayo hukataliwa, na mtu aliyewahi kuonja jani bichi la gimbi haulizi sababu: ni ukoo mmoja, na sindano zilezile za chumvi ya oksalate ndizo zinazowasha koo. Oksalate ndiyo inayoitia spinachi dosari pia, maana hunasa kalsiamu, na konokono bila kalsiamu ni gamba linalomeguka. Kwa hiyo kila sanduku lina mfupa wa ngisi au maganda ya mayai.

Jambo gumu zaidi ni historia ya chungu chenyewe. Mmea ulio salama kwa jina unaweza kuwa umelelewa kitaluni kwa dawa ya wadudu inayokaa ndani ya majani kwa wiki nyingi. Tangu miaka ya 1930 wakulima wametumia metaldehyde, sumu inayotumiwa kuua konokono hasa. Uingereza imeizuia nje ya nyumba tangu mwaka 2022. Mfugaji makini huosha mizizi, hubadilisha udongo, kisha husubiri.

Siku ya kusafisha inapofika, majani ya zamani hayamwagwi uani. Jike na dume wa konokono ni mmoja, na mzao mmoja unaweza kuwa mayai 200 au zaidi, madogo ya rangi ya maziwa, yaliyofichwa palepale chini ya majani. Yale majani ya mkungu, yaliyogandishwa kabla ya kuingia, hurudishwa kwenye friji kabla ya kutoka, siku mbili tatu, yakiwa yamefungwa kwenye mfuko.