"Nzuri Tu": Sigara, Vijana, na Swali Ambalo Hawakuulizwa

Wiki hii kwenye kipindi tuliongelea vepu, kwa hiyo huku tuichimbe historia kidogo. Naanza na yangu.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 14. Pembeni mwa Coventry Road, Small Heath, kulikuwa na kiduka kilichotuuzia sigara moja moja, wala hakuna aliyeuliza umri. Tukavuta nyuma ya ukuta, tukatafuna bigijii, kila mtu kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari za shule?"

"Nzuri."

"Mbona unakohoa?"

"Baridi tu, mama."

Si unajua sisi. Hata mtu akiwa hoi, jibu la kwanza ni "nzuri".

Sasa, watoto kuvuta sigara hakukuanza na sisi. Mwaka 1883 kampuni ya Wills ya Bristol ilianza kutumia mashine ya Bonsack, iliyotengeneza sigara kwa kasi ambayo mikono ya watu isingeweza. Bei ikashuka. Mwaka 1888 wakatoa Woodbine, sigara tano kwa peni moja. Hata mtoto muuza magazeti aliweza kuzinunua.

Kilichoishtua serikali ni vita, si mapafu. Katika Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini (1899–1902), wanaume wengi waliojitolea jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Kamati ikaundwa, na ripoti yake ya 1904 ikanyooshea kidole pia sigara za wavulana. Ndipo Sheria ya Watoto ya 1908 ikakataza kumuuzia sigara yeyote anayeonekana hajafika miaka 16. Polisi, na hata mlinzi wa bustani mwenye sare, aliweza kumpokonya kijana sigara yake mtaani. Kichekesho ni kwamba wavulana wa kupeleka ujumbe, wakiwa kazini na sare zao, sheria haikuwagusa!

Angalia lakini: wakubwa walikuwa wanapima miili ya watoto kama askari wa kesho. Mtoto mwenyewe anajisikiaje? Hilo halikuwa swali.

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Madaktari kikatoa ripoti nzito kwa umma. Shida ni kwamba saratani huchukua miaka mingi. Umwambie nini kijana wa miaka 14 anayejiona mzima?

Mwaka 1982 mambo mawili yakaanza. Serikali ilianza kuwauliza wanafunzi wa Uingereza wa miaka 11 hadi 15 kama wanavuta: 53% walisema wamewahi kujaribu. Kufikia 2023 walikuwa 11%. Na watafiti wa Uingereza, Ufini na Norwe wakaanzisha utafiti wa kimataifa kuhusu tabia za kiafya za wanafunzi. Siku hizi moja ya maswali yake ni rahisi kabisa: unaionaje afya yako? Bora sana, nzuri, wastani au mbaya?

Majibu ya maswali kama haya yanafundisha. Katika nchi nyingi, vijana wanaovuta husema afya yao si nzuri mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Yaani hawasubiri miaka 50; wanahisi sasa hivi. Ila tusikimbilie hukumu. Huenda sigara inawachosha, huenda pia aliyeanza kuvuta tayari alikuwa na huzuni au mambo magumu nyumbani. Mara nyingi ni yote mawili.

Na sisi tulihisi. Nikiwa na 16 nilishindwa kumaliza mechi Small Heath Park, pumzi hakuna, nikamdanganya kocha eti nina pumu. Mwaka uliofuata, 2007, umri wa kuuziwa ukapandishwa hadi 18. Mimi tayari nilikuwa nimenasa. Kuacha kulinichukua miaka kumi.

Vepu za kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa tangu Juni 2025, lakini zile za kujaza bado zipo madukani, na sheria peke yake haikutuzuia sisi pia. Kwa hiyo wadogo zetu, mtu akikuuliza hali, jibu "nzuri" kama tulivyolelewa. Ila kwetu baada ya "nzuri" huwa kuna "ila". Iseme na hiyo.

Mama nilikuja kumwambia nikiwa na miaka 30. Akacheka. "Nilijua. Nguo zako zilinuka. Nilikuwa nasubiri useme."