Soda isiyo na sukari wala kafeini: ni afadhali, lakini si kinywaji cha afya

Wananchi wengi huchagua soda isiyo na sukari wala kafeini wakiamini kuwa ni kinywaji cha afya. Imani hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Kwa wakazi wa maeneo ya milimani kama Mtae, wilayani Lushoto, ambako safari ya kwenda hospitali ya wilaya ni ndefu, ni muhimu kuufahamu ukweli wote.

Faida yake kubwa ni kupunguza sukari. Soda ya kola ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vidogo vipatavyo tisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2015 unashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima.

Hata hivyo, utamu wa soda hizo hutokana na vionjo mbadala kama aspatemu. Mwezi Mei 2023, WHO ilishauri vionjo hivyo visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Julai mwaka huo, aspatemu iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Kiwango kinachokubalika kilibaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kiasi ambacho mtu anayekunywa soda moja moja hakifikii.

Kukosekana kwa kafeini huwafaa wanaokosa usingizi, watoto na wajawazito. Lakini soda nyingi za machungwa hazina kafeini tangu awali, ilhali chai, zao linalostawi Usambara, inayo. Anayepunguza kafeini ahesabu na vikombe vya chai.

Jambo lisilobadilika ni asidi. Soda, iwe na sukari au isiwe nayo, hulainisha na kumomonyoa tabaka la juu la meno inaponywewa mara kwa mara.

Tahadhari kubwa inawahusu wanaotumia insulini au baadhi ya dawa za kisukari. Sukari ya mwili inaposhuka ghafla, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Wakati huo, soda isiyo na sukari haimsaidii. Apewe takriban nusu glasi ya soda ya kawaida, au maji yaliyokorogwa vijiko vitatu hadi vinne vya sukari, na hali yake iangaliwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu, asinyweshwe chochote. Awahishwe kituo cha afya kilicho karibu. Kaya yenye mgonjwa wa aina hiyo isikose sukari ndani ya nyumba, hata kama kila siku haitumiki.

Kwa hiyo, soda isiyo na sukari wala kafeini ni afadhali kuliko soda ya kawaida kwa anayetaka kuiacha sukari hatua kwa hatua, lakini haina lishe. Kinywaji cha kila siku kibaki kuwa maji safi na salama. Anayetamani utamu, mapeasi na plamu za Lushoto humpa utamu pamoja na nyuzinyuzi na vitamini, ambavyo soda haina.