Kabla ya X Kulikuwa na Fungu

Hakuna aliyemaliza darasa la saba ambaye hakuambiwa "tafuta thamani ya x". Wengi wetu tulifundishwa kwamba namba ikivuka alama ya usawa hubadilika: ya kujumlisha inakuwa ya kutoa, na ya kutoa inakuwa ya kujumlisha. Kwa nini ibadilike? Hilo aghalabu halikuelezwa. Tulikariri kama sheria ya barabarani, tukafanya mtihani, tukasahau.

Jambo lenyewe ni la zamani mno, na lilikuwapo hapa hapa Afrika. Huko Misri, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani aitwaye Ahmes alinakili hesabu hii: fungu, ukilijumlisha na sehemu yake ya saba, linakuwa 19. Fungu ni kiasi gani? Wamisri hawakuwa na x. Walikisia 7, wakapata 8, kisha wakarekebisha kisio lao kwa kadiri 19 inavyoizidi 8. Jibu ni 16 na sehemu tano za nane.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa utaratibu wa hatua kwa hatua ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Kitabu chake hakina herufi wala alama. Ni maneno matupu. Alikiandika kwa ajili ya watu wenye shida za kweli: mirathi, biashara, kupima ardhi. Hatua zake kuu aliziita al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudisha kilichopunguka, na neno hilo hilo Waarabu walilitumia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Al-muqabala ni kuweka vitu mkabala. Naam, ndio mkabala wetu huu huu tunaousema kila siku.

Sasa twende Namasakata, mkoani Ruvuma, kwa mkulima wa korosho. Tuseme ana magunia 5 yenye uzito sawa, akapunguza kilo 30 za mbegu. Zilizobaki zinalingana kwenye mizani na magunia 3 ya namna hiyo hiyo pamoja na kilo 130. Gunia moja lina kilo ngapi? Kwanza al-jabr: rudisha zile kilo 30 zilizopunguzwa, lakini na upande wa pili uongeze 30, la sivyo mizani italala. Magunia 5 sasa ni sawa na magunia 3 na kilo 160. Kisha al-muqabala: ondoa magunia 3 huku na 3 kule. Yanabaki magunia 2 kwa kilo 160, basi gunia moja ni kilo 80. Hakikisha: 400 toa 30 ni 370, 240 na 130 ni 370 vilevile.

Hakuna namba iliyovuka wala kugeuka. Pande zote mbili zilitendewa sawa, basi. Na mkulima anayejua hivyo si rahisi kudanganywa na wanunuzi wa kangomba, wenye vipimo vyao vya mfukoni.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1145 huko Segovia, Hispania. Alama ya usawa ilikuja mwaka 1557 kwa Robert Recorde wa Wales, na x ikapata umaarufu kwa Mfaransa Descartes mwaka 1637. Vipande vya mwisho, ukipenda, ni vya Wazungu; mwili wenyewe sivyo.

Kwetu, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi mwaka 1967. Mtoto wa Namasakata husoma aljebra kwa maneno ya nyumbani, kisha akiingia kidato cha kwanza anaikuta upya kwa Kiingereza, na mwalimu anaanza tena: namba ikivuka, inageuka. Neno mkabala, ambalo lingemweleza yote, analiacha shule ya msingi.