Kwa nini nyaya za ardhini hupimwa vituoni

Chini ya kokoto za kituo cha umeme wa msukumo mkubwa hufukiwa wavu wa nyaya za shaba. Hitilafu itokeapo, wavu huo huupeleka umeme ardhini. Ukinzani wake ukizidi, ardhi yenyewe hupata msukumo, na mtu aliyeshika ua wa chuma, au anayepiga hatua tu karibu nao, aweza kuuawa bila kugusa waya wowote.

Ili kuupima, mafundi hupitisha umeme kati ya wavu na kigingi kilichopigwa mbali. Kigingi cha pili, kwenye asilimia 62 hivi ya umbali huo, hupima msukumo. Vituo vikubwa hulenga ukinzani usiozidi omu 1.

Tatizo ni nafasi, kwani kigingi cha mbali huhitaji mara nyingi mamia ya mita. Katika mtaa kama Kinoo, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, magorofa yamesongamana na mabomba ya chuma ardhini hupotosha vipimo. Penye msongamano wa namna hiyo, laini iliyozimwa yaweza kutumiwa kupitisha umeme hadi kituo kingine. Udongo nao hukinza zaidi ukikauka. Kipimo cha Februari, kabla ya masika, hufichua mengi kuliko cha Mei.

Kisha kuna wizi. Januari 2022, minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilipoanguka, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu. Mnara ulioanguka huonekana. Shaba iliyokatwa chini ya kokoto haionekani. Kwa hiyo mafundi hupima pia kiungo cha kila mtambo na wavu, kimoja kimoja.